AutoCAD imegoma? Usiifute kwanza, huenda ni namba moja tu imebadilika

Mteja anataka ramani kesho asubuhi. Mchoraji anabonyeza Ctrl na O afungue faili, lakini lile dirisha alilolizoea la kuchagua faili halitokei. Badala yake, chini ya skrini kinatokea kimstari kinachomtaka aandike kwa mkono jina la faili na mahali lilipo. Anafunga programu na kuifungua tena, hali ni ile ile. Anazima kompyuta na kuiwasha, bado.

Baada ya nusu saa anafikia uamuzi ambao wachoraji wengi huufikia: anaiondoa AutoCAD nzima na kuanza kuiweka upya.

Kumbe tatizo lilikuwa namba moja. Kuna mpangilio unaoitwa FILEDIA. Ukiwa 1, dirisha linatokea. Ukiwa 0, halitokei. Ilitosha kuandika FILEDIA, kubonyeza Enter, kuweka 1 na kubonyeza Enter tena. Sekunde tano.

Kibaya zaidi, kuiondoa programu mara nyingi hakusaidii, kwa sababu sehemu ya mipangilio ya mtumiaji hubaki ndani ya Windows hata baada ya programu yenyewe kuondoka. Mtu anaiweka upya na kukutana na tatizo lile lile alilolikimbia.

AutoCAD iliingia sokoni mwaka 1982, na tangu hapo imekuwa ikiongezewa mipangilio toleo baada ya toleo. Sasa ipo mamia. Hakuna haja ya kuijua yote kwa kichwa. Unachohitaji ni kujua ipi husumbua mara kwa mara, na kabla ya hapo, kujua inakaa wapi.

Kwanza jiulize: ni faili au ni kompyuta?

Mipangilio ya AutoCAD haikai sehemu moja. Mingine huhifadhiwa ndani ya faili la mchoro lenyewe, kwa hiyo inasafiri nalo. Ukimtumia mwenzako faili kwa WhatsApp, umemtumia na mipangilio hiyo. Mingine huhifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo inagusa kila mchoro unaofunguliwa hapo, hata ule uliotoka kwa mtu mwingine.

Jaribio ni rahisi. Fungua mchoro mpya mtupu kwa kutumia kiolezo cha acadiso.dwt kinachokuja na programu, kisha rudia kile kilichokuwa kinagoma. Kikigoma na hapo, tatizo liko kwenye kompyuta. Kikifanya kazi vizuri, tatizo liko ndani ya faili lako. Jaribio hili halizidi dakika moja, na linakuondolea nusu ya kazi ya kubahatisha.

Mfano: umegeuza nusu ya nyumba kwa amri ya MIRROR na neno "JIKO" limeandikika kinyume, kama linavyosomeka kwenye kioo. Huo ni mpangilio wa MIRRTEXT, ambao unatakiwa uwe 0. Unakaa ndani ya faili. Ukiurekebisha kwenye mchoro huu, ule wa jana utabaki vile vile.

Hachi za kuta zimepotea zote kwa mpigo? Angalia FILLMODE, iwe 1, halafu andika REGEN. Nao unakaa ndani ya faili.

FILEDIA, kwa upande mwingine, ni ya kompyuta. Ndiyo maana ikiharibika inaharibika kwa kila mchoro, na mtu anadhani programu nzima imekufa.

Inayobadilika bila kukuaga

Lakini FILEDIA ilibadilikaje, wakati hakuna aliyeigusa? Mara nyingi mhusika ni programu ndogo za nyongeza, zile za LISP ambazo wachoraji hupeana kwenye flashi. Nyingi huzima FILEDIA kwa muda ili zifanye kazi bila madirisha kujitokeza, kisha zinaiwasha zikimaliza. Ukibonyeza Esc katikati, au ikikwama njiani, ile hatua ya kuiwasha haifikiwi.

Kuna nyingine mbili tatu za aina hiyo ambazo kila mchoraji atakutana nazo siku moja.

Unachagua ukuta wa kwanza, ukibonyeza wa pili, wa kwanza unaachiwa. Huwezi kuchagua vitu viwili kwa pamoja mpaka ushike Shift. Hiyo ni PICKADD, irudishe kuwa 2. Mara nyingi watu huibadilisha bila kujua, kwa sababu kuna kitufe chake kidogo juu ya dirisha la Properties na kidole kinapita hapo kwa bahati mbaya.

Unachagua kitu, unabonyeza Delete, hakifutiki. Hiyo ni PICKFIRST, iwe 1.

Unabonyeza gurudumu la kipanya ili usogeze mchoro, badala yake inatokea menyu ya sehemu za kunasia. Hiyo ni MBUTTONPAN, iwe 1.

Mstari wa amri umepotea? Ctrl na 9. Utepe wa juu wenye zana zote haupo? Andika RIBBON. Skrini imebaki nyeupe na mchoro tu, kila kitu kimeondoka? Ctrl na 0, ulijifungia mwenyewe bila kujua.

Sasa, badala ya kukariri haya yote, kuna mlinzi ndani ya programu ambaye watumiaji wengi hawamjui. Kuanzia toleo la 2016 kuna amri ya SYSVARMONITOR. Ukiiandika, inafungua orodha ya mipangilio inayofuatiliwa pamoja na thamani unayopendelea kwa kila mmoja. Unaweza kuongeza mingine kwenye orodha hiyo. Ukiweka tiki ya kutaka kuarifiwa, AutoCAD itakuambia pale mpangilio wowote kati ya hiyo unapobadilika, na kuna kitufe cha kuirudisha yote kwa mkupuo. Kwa anayetumia kompyuta ya ofisi pamoja na wenzake watatu, hii peke yake inatosha kurudisha amani.

Vipimo, na hapa ndipo hela zinapotea

Dirisha lisilofunguka linaudhi, basi. Vipimo vibaya vinaingia kwenye msingi.

AutoCAD haijui milimita wala mita. Inajua namba tu. Ukichora mstari wa 900, kwake ni vipande 900, na ni wewe unayesema kipande kimoja ni nini. Wasanifu majengo wa kwetu huchora kwa milimita. Wapima ardhi hufanya kazi kwa mita. Fundi saiti anaongea futi na inchi: chumba kumi kwa kumi na mbili, tofali la inchi sita. Lugha tatu hizo zinakutana kwenye faili moja.

Chukulia kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kwenye faili la mpima kina vipande 20 kwa 30. Mchoraji akikinakili kama kilivyo kwenye mchoro wake wa milimita, anapata kiwanja cha milimita 20 kwa 30, kidogo kuliko kiberiti, kimekaa pembeni ya nyumba ambayo ni kubwa mara elfu moja.

Hilo angalau linaonekana kwa macho. La hatari zaidi ni la inchi, kwa sababu tofauti yake ni mara 25.4, na mchoro ukiwa peke yake kwenye skrini unaonekana sawa kabisa. Kiolezo cha acad.dwt ni cha inchi, cha acadiso.dwt ni cha milimita. Majina yanakaribiana sana, na watu huyachanganya.

Ukipokea ramani ya mtu, usianze kazi kabla ya kupima mlango. Andika DIST, bonyeza ncha mbili za mlango wa chumba wa sentimita 90. Ikisoma 900, ni milimita. Ikisoma 0.9, ni mita. Ikisoma kama 35.43, uko kwenye inchi.

Hapa wengi hufungua UNITS, wanabadilisha inchi kuwa milimita, wanabonyeza OK na kudhani kazi imeisha. Haijaisha. Kile kisanduku hakibadilishi ukubwa wa kilichokwisha kuchorwa. Kinabandika lebo tu, ili faili hilo likiingizwa kwenye lingine AutoCAD ijue ikuze au ipunguze kiasi gani. Lebo hiyo ndiyo inayoitwa INSUNITS: 1 ni inchi, 4 ni milimita, 6 ni mita. Ikiwa 0, maana yake faili halina lebo, na programu inalazimika kukisia kutokana na mpangilio mwingine.

Kubadilisha ukubwa wenyewe kunahitaji amri ya SCALE: chagua vyote, anzia 0,0, kisha weka 25.4 kama unatoka inchi kwenda milimita, au 1000 kama unatoka mita. Ipo pia amri ya -DWGUNITS, yenye kistari mbele, ambayo inakuuliza maswali mfululizo na mwishowe inakupa nafasi ya kukuza vitu vyote pamoja na kubadilisha lebo. Ni salama zaidi kwa asiyetaka kusahau hatua.

Kuna ujanja mmoja unaopaswa kuogopwa. Mtu anaona vipimo vinasoma 3.6 badala ya 3600, naye badala ya kurekebisha mchoro anabadilisha DIMLFAC iwe 1000. Vipimo vinasoma vizuri, mteja anafurahi, ila mchoro wenyewe bado ni mdogo. Au anabofya kipimo na kuandika namba kwa mkono juu yake. Karatasi inakuwa safi.

Faili likifika kwa mkadiriaji majenzi, yeye hasomi yale maandishi. Anatumia AREA moja kwa moja kwenye mistari. Kosa la mara 25.4 kwenye urefu ni kosa la mara 645 kwenye eneo, na hilo angalau linashtua. Lakini kipimo kimoja kilichoandikwa kwa mkono, kinachosema 4200 wakati ukuta uliochorwa ni 3900, hakimshtui mtu. Kinaingia kwenye hesabu ya tofali, saruji na nondo kimya kimya, na fundi naye anajenga kwa namba iliyoandikwa.

Kwa hiyo ukipokea kazi ya mtu, hakikisha DIMLFAC ni 1. Kisha chagua vipimo vyote na uangalie kwenye Properties sehemu ya Text override. Inatakiwa iwe tupu.

Kuna na suala la ramani za upimaji zenye koordineti halisi. Dar es Salaam, kwa mfumo wa UTM, ipo zaidi ya mita 500,000 kwa mashariki na zaidi ya mita milioni 9 kwa kaskazini. Ukiigeuza hiyo kuwa milimita, nyumba yako inakaa umbali wa vipande zaidi ya bilioni 9 kutoka 0,0. Huko mbali AutoCAD inaanza visa: hachi zinakataa, duara zinaonekana zimekatikakatika, kunasa kwenye kona kunayumba. Wengi wanailaumu kadi ya picha ya kompyuta.

Dawa si kuburuta kila kitu hadi 0,0. Ukifanya hivyo umepoteza mahali kiwanja kilipo duniani, na mpima hataweza kuoanisha kazi yake na yako. Acha faili la mpima lilivyo, kwa mita zake. Chora nyumba kwenye faili lake karibu na 0,0 kwa milimita. Kisha tengeneza faili la tatu la mpangilio wa kiwanja, la mita, na uunganishe nyumba humo kwa XREF. Lebo za INSUNITS zikiwa sahihi pande zote, nyumba itajipunguza yenyewe.

Umeme ukikatika

Hili halihitaji maelezo marefu kwa anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Umeme unakatika saa kumi jioni, na kazi ya tangu mchana haijahifadhiwa.

Watu wanaamini AutoCAD inahifadhi yenyewe. Ni kweli nusu. Inahifadhi, ila haihifadhi kwenye faili lako. Inatengeneza nakala pembeni, yenye mwisho wa .sv$, kwenye folda ya muda ya Windows. Mpangilio wa SAVETIME unasema ni kila baada ya dakika ngapi. Programu inakuja ikiwa 10. Kwa mazingira ya umeme wa kukatikakatika, 5 ni bora. Ikiwa 0, haihifadhi kabisa, na wapo walioiweka 0 zamani kwa sababu kompyuta ilikuwa inakwama kila inapohifadhi, kisha wakasahau.

Kujua nakala hizo ziko wapi, andika SAVEFILEPATH. Utaonyeshwa folda. Umeme ukirudi, kabla ya kufungua chochote kingine, fungua AutoCAD na uandike DRAWINGRECOVERY. Itakuonyesha mchoro uliokatishwa pamoja na nakala zake, ya .sv$ na ya .bak, zenye saa zake. Linganisha, chagua iliyo mpya.

Isipotokea, nenda mwenyewe kwenye ile folda, nakili faili la .sv$ kwenye eneo-kazi, kisha badilisha mwisho wa jina uwe .dwg. Badilisha nakala, usiguse la asili. Hakikisha kwanza Windows inaonyesha miisho ya majina ya mafaili, vinginevyo utajikuta umetengeneza jina linaloishia .dwg.sv$ na AutoCAD haitaliona.

Ile .bak ni kitu kingine. Hiyo inakaa kando ya faili lako na ni mchoro ulivyokuwa kabla ya mara ya mwisho ulipobonyeza Save. Inategemea ISAVEBAK kuwa 1. Wapo wanaoizima kwa sababu inajaza folda, na hao huijutia siku faili la .dwg linapokataa kufunguka.

Jambo moja zaidi: ukifunga mchoro kwa kawaida, hata kama umekataa kuhifadhi, nakala ya .sv$ hufutwa. Ni ya ajali tu. Tena programu za kusafisha kompyuta hupenda kufuta folda ya muda yote. Kwenye OPTIONS, sehemu ya Files, unaweza kuhamishia nakala hizi kwenye folda yako, kwa mfano kwenye diski ya D, ambako hakuna msafishaji atakayezigusa.

Faili likifunguka na makosa, andika AUDIT na ukubali irekebishe. Likikataa kabisa kufunguka, tumia RECOVER ukiwa kwenye mchoro mtupu.

Nyumbani safi, stesheneri vurugu

Kwenye skrini ya mchoraji kuta ni nzito, samani ni nyembamba, kila kitu cheusi. Kwenye karatasi iliyotoka stesheneri kuta ni za njano, maandishi yamefifia, na unene wa mistari unalingana wote. Halmashauri haitapokea hiyo kwa kibali cha ujenzi.

Sababu ni kwamba unene na rangi za kuchapa huwa kwenye faili la CTB, ambalo halimo ndani ya mchoro. Lipo kwenye kompyuta yako. Ukipeleka .dwg, umeacha nusu ya kazi nyumbani.

Peleka PDF. Itoe mwenyewe kwa amri ya PLOT ukichagua DWG To PDF, karatasi kamili na CTB yako. Kisha msisitizie kijana wa plota achape kwa asilimia 100, asikubali ile ya kujaza karatasi. A1 ikibanwa kuwa A3, urefu wote unapungua nusu: ramani iliyoandikwa 1:100 sasa ni 1:200, na fundi atakayepima kwa rula atajenga nusu ya chumba. Kuchora kijimstari cha skeli kwenye kona ya karatasi ni kinga nzuri, maana chenyewe kinapungua pamoja na mchoro.

Kama kuna kitu kinaonekana kwenye skrini na hakichapiki, angalia kiko leya gani. Kikiwa kwenye Defpoints hakitatoka milele. Leya hiyo haichapiki kwa asili yake.

Mistari ya vipande inayoonekana kama mistari mizima nayo ni ugonjwa wa kawaida. Kwa michoro ya milimita, weka LTSCALE, PSLTSCALE na MSLTSCALE zote ziwe 1, kisha REGENALL. Isipokubali, huenda aina hizo za mistari zilichukuliwa kutoka faili la inchi, nawe unarudi kwenye 25.4 yetu ile ile.

Alama za kuuliza kila mahali

Wanaofanya kazi na wakandarasi wa Kichina wanaijua hii: unafungua mchoro wa barabara au ghorofa, na kila andiko ni "????". Faili halijaharibika. Fonti za SHX zilizotumika hazimo kwenye kompyuta yako. AutoCAD ikiuliza utumie fonti gani kubwa badala yake, chagua gbcbig.shx, inakuja na programu. Ikikosekana fonti ya kawaida, simplex.shx kwenye mpangilio wa FONTALT inatosha kusoma.

Dawa ya kudumu iko kwa anayetuma. Amri ya ETRANSMIT hukusanya mchoro, fonti, CTB na michoro yote iliyounganishwa, ikavifunga kwenye zipu moja. Kumtumia mtu .dwg peke yake wakati mchoro umeunganishwa na mingine minne ni kumpelekea barua bila kurasa za kati.

Flashi ya jamaa

Si kila amri inayogoma ni mpangilio. Ukiona amri kama EXPLODE imeacha kufanya kazi kwenye kila mchoro, angalia kwenye folda za kazi zako kama kuna mafaili ambayo hukuyaweka, yenye majina kama acad.lsp, acaddoc.lsp, acad.fas au acad.vlx.

AutoCAD huweza kupakia mafaili yenye majina hayo bila kuombwa. Virusi hutumia mwanya huo kujinakili kutoka folda hadi folda, na kutoka folda hadi flashi. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kimoja kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichosambaa zaidi nchini Peru. Kazi yake ilikuwa kuiba: kila mchoro uliofunguliwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa ulitumwa kwa barua pepe kwenda kwenye akaunti zilizokuwa China. Kazi za watu ziliondoka bila wenyewe kuhisi kitu.

Baada ya hapo matoleo mapya yalipewa mpangilio wa SECURELOAD, unaotoa onyo kabla ya kupakia programu kutoka mahali pasipoaminika. Wengine huuweka 0 kwa sababu onyo linawachosha. Usifanye hivyo. Uache uwe 1, na programu za LISP unazoziamini ziweke kwenye folda moja uliyoiorodhesha kwenye TRUSTEDPATHS. Folda hiyo isiwe ile unayopokelea kazi za watu.

AutoCAD za bure za mitaani, zile "zilizopasuliwa", huja na hatari hii hii. Mwanafunzi hana haja nazo: Autodesk inatoa leseni ya masomo bila malipo kwa mwaka mmoja mmoja, inayoweza kuhuishwa. Hairuhusiwi kwa kazi za kulipwa.

Ikae mkono wako

Baada ya matengenezo, raha. Jambo linaloongeza kasi kuliko lolote ni vifupisho. L ni LINE, M ni MOVE, C ni CIRCLE. Kama wewe unanakili mara hamsini kwa siku na duara huchori, kwa nini C iwe duara?

Vifupisho vyote vimo kwenye faili la maandishi liitwalo acad.pgp. Kwenye kichupo cha Manage utaona Edit Aliases, kinalifungua. Shuka mpaka mwisho kabisa, uandike chako hapo, kwa mtindo huu:

C, *COPY

Kifupisho kikijirudia, kilichoandikwa mwisho ndicho kinachosikilizwa, kwa hiyo huna haja ya kufuta cha zamani. Hifadhi, andika REINIT, weka tiki kwenye faili la PGP, na kinaanza kazi papo hapo. Hata Kiswahili kinakubali: MSTARI, *LINE itafanya kazi bila shida, japo herufi sita kwa amri ya herufi moja ni uzalendo wa gharama.

Kingine ni kiolezo chako mwenyewe. Chukua mchoro mtupu wa milimita, weka leya zako, mtindo wa vipimo, MIRRTEXT 0, INSUNITS 4 na fremu ya ofisi, kisha uhifadhi kama .dwt. Kwenye OPTIONS, sehemu ya Files, kiteue kuwa kiolezo cha QNEW. Kuanzia hapo kila mchoro mpya unazaliwa ukiwa umeshapangwa, na ile mipangilio inayokaa ndani ya faili haikusumbui tena.

Mipangilio ya kompyuta nayo ina chombo chake. Kwenye OPTIONS, sehemu ya Profiles, bonyeza Export upate faili dogo la .arg. Liweke kwenye flashi au jitumie kwa barua pepe. Acad.pgp na CTB zinakiliwe pembeni, kwa sababu .arg haizibebi.

Ikishindikana kabisa

Kabla ya kuiondoa programu, kuna ngazi moja bado. Fungua menyu ya Start ya Windows, tafuta folda ya AutoCAD, utaona Reset Settings to Default. Funga AutoCAD kwanza. Itakuuliza kama uhifadhi nakala ya mipangilio yako kabla ya kuifuta, kubali. Michoro yako haiguswi, ila vifupisho na mpangilio wa skrini vinarudi kama siku ya kwanza.

Kama baada ya hapo bado inasuasua, andika GRAPHICSCONFIG uzime msaada wa kadi ya picha, ujaribu tena. Ikipona, tafuta dreva mpya ya kadi hiyo. Na kama laptopu ina RAM ya GB 4, hakuna mpangilio utakaoiokoa, maana matoleo ya karibuni yanataka angalau GB 8.

Ukiwa umeshaisafisha, usikimbilie kuirudishia ile .arg ya zamani. Fanya nayo kazi siku mbili tatu ikiwa mpya kwanza. Kama kasoro ilikuwa humo, utairudisha nayo.